Kuinua Pikapu Nyumbani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulegeza Nati ya Kwanza

Madhumuni ya somo

Somo hili linamlenga mlaji mwenye pikapu anayefikiria kuliinua gari lake ili lipite vizuri katika barabara mbovu, lichukue mzigo bila kulala nyuma, au lipendeze tu machoni. Seti za kuinulia magari huuzwa katika maduka ya vipuri na mitandaoni, na nyingi huambatana na maelezo kwamba mtu yeyote mwenye spana na siku moja ya nafasi anaweza kuzifunga mwenyewe. Maelezo hayo ni nusu ya ukweli. Kufunga seti ni jambo moja; kuhakikisha kwamba gari lililoinuliwa linasimama, linakata kona na kumulika kama inavyopasa ni jambo jingine, na hilo la pili haliandikwi juu ya boksi.

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kufanya mambo matatu: kutambua iwapo gari lake linahitaji kuinuliwa au linahitaji matengenezo tu, kueleza ni sehemu zipi za gari hubadilika tabia baada ya kuinuliwa, na kutenganisha kazi anayoweza kuifanya nyumbani na ile anayopaswa kumwachia fundi mwenye vifaa.

Ili somo lieleweke, tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Chukulia mkulima wa mboga katika milima ya Usambara. Ana pikapu moja, ndiyo gari la kazi na ndiyo gari la familia. Wakati wa masika, njia ya kutoka shambani hadi barabara kuu huchimbika, na gari hugusa chini. Akishapakia matenga ya nyanya na kabichi, huteremka kutoka Lushoto kupitia Soni hadi Mombo, barabara ya lami yenye kona nyingi na mteremko mrefu. Mkulima huyu anataka kuliinua gari kwa ajili ya njia ya shambani. Somo letu linamkumbusha kwamba gari hilohilo ndilo litakaloteremka mlima.

1. Kinachoinuka na kisichoinuka

Gari linapoinuliwa kwa springi, kinachopanda ni chesisi, bodi na injini. Ekseli ya nyuma ya pikapu ya kawaida, pamoja na difu iliyo katikati yake, haipandi hata kidogo, kwa kuwa imeshikwa na magurudumu na si springi. Kwa hiyo, jiwe lililokuwa likigonga difu jana litaendelea kuigonga baada ya seti kufungwa. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi.

Huu ndio ukweli wa kwanza ambao mlaji anapaswa kuujua kabla ya kutoa fedha. Mkulima wetu na aanze kwa kuchungulia chini ya gari na kuzitafuta alama za mikwaruzo. Ikiwa mikwaruzo ipo kwenye difu, seti ya springi haitamsaidia. Ikiwa ipo kwenye chesisi, kwenye ngazi za pembeni au kwenye bamba la kukinga injini, hapo kuna hoja ya kuliinua.

2. Pima kwanza

Magari mengi yanayodhaniwa kuwa mafupi ni magari yaliyochoka. Springi iliyobeba mzigo kwa miaka kumi hulegea, na gari hushuka polepole kiasi kwamba mwenyewe haoni tofauti.

Njia ya kupima ni rahisi na haihitaji fundi. Liegeshe gari mahali tambarare, likiwa tupu, matairi yakiwa na upepo unaotakiwa. Kwa futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi ulio juu ya tairi. Fanya hivyo kwa magurudumu yote manne na uandike vipimo. Kisha tafuta gari la aina na toleo hilohilo lenye springi nzima, ulipime kwa namna hiyohiyo. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, au gari lako likiwa chini ya lile la kulinganishia kwa sentimita kadhaa, tatizo lako ni springi zilizochoka. Springi mpya za kiwango cha kiwandani zitakurudishia kimo ulichopoteza bila kuvuruga sehemu nyingine yoyote ya gari. Mara nyingi, hiyo ndiyo tiba yenye gharama ndogo na usalama mkubwa.

Tunza vipimo hivyo. Utavihitaji tena kazi itakapokamilika.

3. Njia zinazouzwa sokoni

Mlaji hukutana na njia kuu nne, na kila moja ina ahadi yake na kasoro yake.

Njia ya kwanza ni seti kamili: springi mpya za mbele na nyuma pamoja na shokapu zinazolingana nazo kwa urefu. Seti nyingi za pikapu za kazi huongeza kimo kwa sentimita 4 hadi 5. Ni ghali kuliko nyingine, lakini ndiyo njia inayoliacha gari likiwa na sehemu zilizoundwa kufanya kazi pamoja.

Njia ya pili ni spesa, yaani kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachowekwa juu ya springi ya mbele. Katika pikapu ambazo springi ya mbele imefungwa kwenye mkono wa chini wa ekseli, spesa ya sentimita 2 na nusu inaweza kulipandisha gari karibu maradufu ya unene wake, kwa sababu springi haikai kwenye gurudumu bali katikati ya mkono. Wanunuzi wengi hupatwa na mshangao hapa: huagiza spesa ya sentimita 5 wakitaka kupanda sentimita 5, gari likapanda hadi viungo vya usukani na vya shafti za mbele vikakaa katika pembe ambayo havikuundwa kuistahimili.

Njia ya tatu ni bloku za chuma zinazowekwa kati ya ekseli ya nyuma na springi za majani, zikikazwa kwa yubolti ndefu zaidi. Bloku moja iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inakubalika nyuma. Kupanga bloku mbili, moja juu ya nyingine, ni hatari, na hatari hiyo huongezeka bloku zikiwekwa kwenye ekseli ya mbele, ambako nguvu za breki na za usukani huweza kuzisukuma zichomoke.

Njia ya nne ni ile inayoonekana kuwa ya bure. Baadhi ya pikapu za zamani zina vyuma vya msokoto mbele badala ya springi za koili. Toyota Hilux nyingi za magurudumu manne za kabla ya mwaka 2005 zimeundwa hivyo. Fundi hukaza bolti ya kurekebishia na gari hupanda papo hapo. Lakini hakuna kilichoongezwa. Gurudumu limenyang'anywa nafasi yake ya kushuka. Likifika kwenye shimo linakosa pa kwenda, nalo gari linaruka na kugonga.

4. Mambo matano yanayobadilika

(a) Breki. Hili ndilo jambo zito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika zaidi. Pikapu nyingi zina valvu inayogawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Valvu hiyo hufungwa kwenye chesisi na kuunganishwa na ekseli ya nyuma kwa kijiti cha chuma. Mzigo unapoongezeka, chesisi hukaribia ekseli, kijiti husukumwa, na valvu huruhusu nguvu zaidi kwenda kwenye breki za nyuma. Gari likiwa tupu, chesisi huwa mbali na ekseli, na valvu hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza.

Sasa fikiri kinachotokea gari linapoinuliwa. Chesisi imekaa mbali na ekseli daima. Mkulima wetu anaanza kuteremka kutoka Soni akiwa amejaza matenga, lakini kijiti kinaiambia valvu kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma zinafanya kazi pungufu, za mbele zinabeba karibu mzigo wote na kuchemka. Dereva haonyeshwi taa yoyote ya tahadhari. Dawa ipo, nayo si ghali: kishikizo cha kijiti huhamishwa kwa kiasi kilekile gari lilichopanda, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Seti isiyotaja valvu hii, kwa gari lenye valvu hii, ni seti isiyokamilika.

Kagua pia mipira ya breki inayotoka kwenye chesisi kwenda kwenye magurudumu. Ekseli inaposhuka hadi mwisho, mpira haupaswi kuvutika wala kukazana.

(b) Uthabiti wa gari kwenye kona. Wahandisi hupima uwezekano wa gari kupinduka kwa hesabu rahisi: chukua nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, kisha ugawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hutumia kipimo hiki katika kuyapanga magari kwa madaraja. Kadiri jibu linavyokuwa dogo, ndivyo gari linavyopinduka kwa urahisi.

Tufanye hesabu. Pikapu yenye upana wa mita 1.50 kati ya magurudumu na kitovu cha uzito kilicho mita 0.70 kutoka chini hupata 0.75 ÷ 0.70, sawa na 1.07. Kitovu kikipanda sentimita 5, hesabu inakuwa 0.75 ÷ 0.75, sawa na 1.00. Sentimita hizo tano zimepunguza akiba ya uthabiti kwa karibu asilimia 7, na hiyo ni kabla ya kupanga matenga mpaka juu ya kichwa cha gari. Aliyeinua gari lake hana budi kupunguza kimo cha mzigo na mwendo wa kwenye kona.

(c) Usukani na matairi. Kuinua gari hubadilisha pembe za magurudumu ya mbele. Bila kufanyiwa alaimenti, gari huvuta upande mmoja, usukani hauregei wenyewe katikati baada ya kona, na matairi hulika upande mmoja. Gharama ya alaimenti ihesabiwe kama sehemu ya bei ya seti.

(d) Taa. Mbele ya gari ikipanda sentimita 5 kuliko nyuma, na umbali kati ya ekseli mbili ukiwa mita 3, mwanga utakuwa umepanda kwa takriban nusu mita zaidi unapofika mita 30 mbele. Kimo hicho kinatosha kuingia machoni mwa dereva anayekuja. Taa za mbele zirekebishwe siku hiyohiyo, kabla ya kuendesha usiku.

(e) Kipima mwendo. Jambo hili hutokea iwapo matairi makubwa yamefungwa. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha sentimita 77.6, la 285/70R17 lina sentimita 83.1, yaani zaidi kwa asilimia 7. Kipima mwendo kilichokuwa sahihi kitasoma 50 gari likiwa katika mwendo wa kilomita 53 na nusu kwa saa. Dereva atavunja sheria akiamini anaitii, na kilomita za kubadilishia oili zitahesabiwa pungufu.

5. Kazi ya nyumbani na kazi ya gereji

Springi ya koili ya mbele isifunguliwe nyumbani. Sababu inaweza kuelezwa kwa hesabu. Chukua springi inayohitaji uzito wa kilo 100 ili ibonyee sentimita 1. Ikibanwa sentimita 10, inasukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 1, na nishati iliyofungiwa ndani yake ni sawa na ya mfuko wa saruji wa kilo 50 ulioanguka kutoka kimo cha mita 1. Kibano cha bei rahisi kikiteleza, nishati yote hiyo hutoka kwa mara moja, ikielekea usoni au mikononi mwa aliyeinama. Mlaji aliyenunua seti anaweza kuzipeleka springi na shokapu za mbele gereji zikaunganishwe kwa mashine ya kubania. Bei ya kazi hiyo haiwezi kulinganishwa na bei ya jicho.

Kazi ya nyuma, kwenye springi za majani, inaweza kufanyika nyumbani kwa mtu mwenye uzoefu wa spana, msaidizi mmoja na vifaa kamili. Masharti yake ni haya:

Kwanza, sakafu iwe ya zege na tambarare. Udongo uliokauka hutitia chini ya jeki.

Pili, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma; ukishayainua hayo, haina tena cha kushika.

Tatu, gari likae juu ya stendi mbili za chuma zilizowekwa chini ya chesisi, zenye uwezo ulioandikwa unaozidi uzito wa sehemu inayobebwa. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Tofali na vipande vya zege hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Magogo na mawe hubiringika. Usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikiliwa na vitu hivyo, hata kwa dakika moja.

Nne, ekseli ishikiliwe na jeki ya pili na ishushwe taratibu, msaidizi akiangalia mipira ya breki. Ekseli isiachwe ikaning'inia kwenye mipira hiyo.

Tano, tumia yubolti mpya. Yubolti iliyokwisha kukazwa imevutika, na ikikazwa tena huweza kulegea au kukatika. Nati zikazwe kwa spana ya kupima mkazo, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye maelekezo ya seti.

Sita, nati za bushi za springi zikazwe mwishoni, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, mpira wa bushi hubaki umejisokota na kuchakaa mapema.

Saba, baada ya safari fupi za siku ya kwanza, kaza upya nati zote kwa kipimo kilekile, na urudie baada ya takriban kilomita 500.

Kisha chukua futi kamba na vile vipimo vya mwanzo. Kama gari limepanda zaidi ya ilivyoandikwa kwenye seti, au pande mbili hazilingani, usilipakie mzigo hadi sababu ijulikane.

6. Haki zako unaponunua

Muulize muuzaji maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe kwenye risiti au kwenye ujumbe unaoweza kuutunza. Je, seti hii imetengenezwa kwa ajili ya aina, toleo na mwaka wa gari langu? Itapandisha sentimita ngapi kwenye gurudumu, na si unene wa kipande peke yake? Je, inajumuisha yubolti, kishikizo cha valvu ya breki na shokapu za urefu unaofaa? Maelekezo ya kufunga na viwango vya kukaza yapo, na kwa lugha ninayoielewa? Dhamana ni ya muda gani, na je, inaendelea kuwepo nikifunga mwenyewe?

Swali la mwisho ni muhimu. Wauzaji wengi huifuta dhamana iwapo seti haikufungwa na fundi wanayemtambua. Mlaji ana haki ya kulijua sharti hilo kabla ya kulipa, si baada ya kuvunjikiwa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa anayoiuza. Seti iliyouzwa kwa maneno kwamba inafaa gari lako, nayo haifai, ni msingi halali wa lalamiko. Tunza boksi, lebo, risiti na picha za kifaa kabla ya kufungwa. Lalamiko lisilo na ushahidi ni gumu kulisaidia.

7. Bima na ukaguzi

Mkataba wa bima hujengwa juu ya ukweli wa pande zote mbili. Gari lililoinuliwa si gari lilelile lililoelezwa katika fomu ya awali. Iarifu kampuni ya bima kwa maandishi, ukieleza kimo kilichoongezwa na nani aliyefunga, na uombe jibu la maandishi. Mkulima wetu akinyamaza, anaweza kulipia bima mwaka mzima na kugundua siku ya ajali kwamba dai lake lina mgogoro. Vilevile, ulizia kwa askari wa usalama barabarani wanaohusika na ukaguzi wa magari iwapo mabadiliko unayokusudia yanakubalika, na ufanye hivyo kabla ya kununua.

8. Maswali ya kujipima

Jibu maswali haya kwa ndiyo au hapana. Nimepima kimo cha gari langu na kulinganisha na gari zima la aina yake? Ninajua ni sehemu ipi ya gari inayogusa chini? Ninajua kama gari langu lina valvu ya breki inayofuata mzigo, na nani atairekebisha? Bajeti yangu inajumuisha alaimenti na kurekebisha taa? Nina stendi mbili, kabari na msaidizi? Springi za koili nitampelekea fundi? Bima wamearifiwa?

Jibu la hapana kwa swali lolote kati ya haya halimaanishi kwamba uache mpango wako. Linamaanisha kwamba siku ya kulegeza nati bado haijafika. Njia ya shambani itakuwepo msimu ujao, na mteremko wa Soni pia. Jitayarishe kwa vyote viwili, kwa sababu gari lako litapita kote.